Bichi za Mwanza na likizo ya Juni: maji gani, saa ngapi, na watoto waingie au wasiingie

Swali: Kaka, habari za Mwanza. Sisi tunaishi Dodoma. Shule zikifunga mwezi wa sita tunataka kuwaleta watoto waone ziwa, tukae siku sita hivi. Wako watatu, wa miaka 13, 9 na 4, na mama yangu mzazi atakuwa nasi. Watoto hawataki kingine ila kuogelea, wameona picha za bichi za huko kwenye simu. Mume wangu anasema ziwa lina kichocho na mamba, bora tuongeze nauli twende zetu Bagamoyo. Mama naye anasema Mwanza atakuja, ila melini hapandi, tangu MV Bukoba izame. Tuje au tusije? Na tukija, twende bichi gani?

Jibu: Dada yangu, njooni. Na mwambie shemeji hajakosea hata neno moja. Kichocho kipo na mamba wapo. Mimi nimezaliwa Igombe, huu ni mwaka wa 19 natembeza wageni kwenye ziwa hili, na sijawahi kumwambia mzazi kwamba hayo ni maneno ya mitaani. Ninachomwambia ni hiki: ziwani tunachagua maji kwanza, halafu saa, mchanga tunauangalia mwisho. Watu wengi wanaanzia kwenye mchanga kwa sababu ndio unaoonekana kwenye picha.

Mliozoea Bagamoyo mna mazoea ya bahari. Bahari inakupwa na kujaa, maji yanaondoka na kurudi kila siku, na yana chumvi. Ziwa halina kupwa wala kujaa. Maji ya ghuba yanaweza kukaa palepale siku nyingi, na kila ghuba ina tabia yake. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na ukingo wake umejaa ghuba, rasi na visiwa. Unaweza kutoka kwenye maji meupe yanayoonyesha vidole vya miguu, ukaendesha gari nusu saa, ukakuta maji ya kijani mazito kama rangi ya mlango. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama ziwa ni salama nashindwa kumjibu. Aniulize maji haya, ya hapa, asubuhi hii, nitamjibu.

Kuna neno mlijue kabla hamjafika: mwalo. Mwalo ni pale wavuvi wanapotia nanga na kushusha samaki. Kwenye simu mwalo na bichi vinafanana, vyote ni mchanga na maji na mtumbwi mmoja uliopakwa rangi. Nimewahi kupokea familia iliyoshuka Kayenze na mabegi ya kuogelea kwa sababu ya picha moja nzuri ya jioni. Walipofika asubuhi wakakuta kazi imechanganya. Wanawake wameinama wanatandaza dagaa, wengine juu ya nyavu kuukuu, wengine juu ya mchanga wenyewe, ukanda mrefu wa fedha unaong'aa mpaka macho yanauma. Injini za mitumbwi zinaoshwa kwenye maji yale yale. Matumbo ya sangara yanatupwa ukingoni na korongo wanayagombea. Watoto wa pale wanaogelea, ndiyo, lakini wa kwako wasiingie hapo. Mwalo una watu wengi kuliko vyoo, na kichocho kinaanzia kwenye choo.

Ila mwaloni mwende, kwa macho na pua. Watoto wa Dodoma wanakula dagaa wa Mwanza kila wiki na hawajui wanatoka wapi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Samaki wanafuata mwanga, ndipo wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo angalieni kalenda: mkija siku za giza, mtakaa kibarazani saa 3 usiku mkiona taa zimejipanga ziwani kama mji mwingine umeota huko, na alfajiri mtawaona wakirudi. Kama hamna muda wa kwenda mbali, Mwaloni Kirumba iko mjini hapahapa. Vaeni viatu vya kufunika vidole.

Sasa bichi yenyewe. Kwa familia yenye mtoto wa miaka 4 na bibi, ningewaweka upande wa Ilemela, ukanda ule wa karibu na uwanja wa ndege wenye Malaika na Tunza. Sababu yangu kubwa ni kwamba upande ule unatazama ziwa lenyewe, haujajificha ndani ya ghuba, kwa hiyo maji yanapigwa na mawimbi na kubadilishwa. Mchanga unashuka taratibu, na mbele ya hoteli matete hukatwa. Tena unatazama machweo, na huko mbele utaona bibi atafaidika na hilo. Kutoka mjini ni mwendo wa kama kilomita 10 hivi, daladala zinafika karibu na bajaji zinamalizia. Jumapili mchana kunajaa, muziki unakuwa mkubwa. Nendeni Jumanne au Jumatano.

Upande wa pili, Luchelele na Malimbe kule chuo cha SAUT kilipo, ni kuzuri kwa kukaa. Kumetulia, mawe ni makubwa na miti iko. Lakini huko mko ndani ya Ghuba ya Mwanza, maji yanatulia mno, na yakitulia yanaota mwani. Mkiona utando wa kijani umeelea ukingoni kama uji uliomwagika, hata miguu msitie, na mtoto asiyanywe kabisa; mwani wa aina hiyo unaweza kuwa na sumu ya kuumiza ini na kuwasha ngozi. Siku ya upepo maji yanaweza kuwa mazuri tu. Ni bichi ya kuikagua kila mnapofika.

Capri Point na Jiwe la Bismarck ni kwa kutazama na kupiga picha. Mawe ya Mwanza yanashuka wima majini. Unasimama maji yako mapajani, hatua inayofuata yako juu ya kichwa.

Kukagua bichi hakuhitaji kipimo. Fikeni, msivue nguo. Tembeeni ukingoni kama hatua 100 kila upande. Tazameni mimea, maana penye matete, mafunjo au magugu maji yaliyosukumwa na upepo ndipo konokono wa kichocho wanapopenda. Chukueni kijiti mpekue yale majani yaliyooza ukingoni. Konokono yule ni mdogo, bapa, amejikunja kama kifungo cha shati, rangi ya kahawia. Mkimwona, sogeeni. Halafu muulizeni mtu anayefua au kuchota maji hapo. Msimuulize mwenye hoteli pekee. Ulizeni hivi: "Kiboko anapita hapa? Mamba ameonekana lini?" Watu wa ziwani hawadanganyi juu ya hayo mawili.

Na msishangae bichi ikiwa nyembamba kuliko picha. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020, likapanda tena 2024 likavunja rekodi zake. Mchanga mwingi uliokuwa unachezewa mpira umekuwa chini ya maji, na vibanda vingine vya makuti vilibaki vimesimama ndani ya ziwa. Picha nyingi zinazozunguka kwenye simu ni za kabla ya hapo.

Nije kwenye kichocho, maana hapo ndipo shemeji anaposimamia, na naomba alisome hili mwenyewe. Kichocho cha ziwani kwetu ni kile cha tumbo, si kile cha kibofu kinachotoa mkojo wa damu. Mtu mwenye ugonjwa anajisaidia karibu na maji, mayai yanaingia ziwani, yanaanguliwa na kumtafuta konokono. Ndani ya konokono vijidudu vinazaana kwa wiki kadhaa, kisha vinatoka kwa maelfu kutafuta ngozi ya binadamu. Vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu, wala huhisi. Vikimkosa mtu, havimalizi siku mbili, vinakufa.

Hapo ndipo saa inapokuwa na maana. Konokono huvitoa vijidudu hivyo jua likishapanda, na wakati mbaya ni kuanzia kama saa 4 asubuhi mpaka saa 9 alasiri, yaani saa zile zile ambazo wageni wote wako majini. Asubuhi jua likiwa changa vinakuwa vichache zaidi. Nasema vichache, sisemi hakuna. Kuna hoteli moja niliyokuwa nikipeleka watu, walibandika kibao ukingoni kwamba maji yao hayana kichocho. Nikawauliza wamepima lini, na kesho maji yakibadilika kibao kitabadilika? Meneja akacheka, akasema wageni wanapenda kukiona. Sikurudisha mgeni pale. Hakuna mtu anayeweza kukuahidi hivyo kwenye ziwa lililo wazi. Baadhi ya konokono wa Ziwa Victoria wanakaa hata kwenye maji ya kina yenye mchanga, kwa hiyo bichi safi inapunguza hatari bila kuiondoa.

Basi tunafanyaje? Tunachagua maji yanayopigwa na mawimbi, tunaingia asubuhi, tunatoka mapema, tunajifuta kwa taulo kavu kwa nguvu mara moja (inasaidia kidogo, msiitegemee), na tunakunywa dawa kwa wakati wake. Dawa inaitwa praziquantel. Watoto wa shule za kanda hii wanaijua, hupewa kwenye kampeni za kingatiba, vidonge vinahesabiwa kwa kupimwa urefu ukutani. Ni dawa nzuri na haina bei ya kutisha. Tatizo ni kwamba wageni wanainywa kesho yake, wanaondoka na furaha. Dawa ile inaua minyoo iliyokomaa. Ile michanga inapona, inakua, na wao wanajua wameshatibiwa. Subirini wiki sita mpaka nane tangu siku ya mwisho kuingia majini, ndipo mwende hospitali mkapime choo na daktari awape dozi kwa uzito wa kila mmoja. Inanywewa baada ya kula, vinginevyo tumbo linachafuka.

Jambo moja zaidi. Mtu asiyewahi kukutana na kichocho, kama wanao, anaweza kupata homa, kikohozi, vipele na kuchoka wiki chache baada ya kurudi. Dodoma watasema malaria. Pimeni malaria, ndiyo, lakini mwambieni daktari bila kuulizwa: watoto waliogelea Ziwa Victoria tarehe fulani. Nimeona familia ikizunguka zahanati tatu kwa sababu neno hilo moja halikusemwa.

Kwa huyu wa miaka 4 uamuzi wangu ni tofauti. Asiingie ziwani. Ngozi yake ni ile ile, lakini yeye ndiye atakayekaa kwenye maji ya vidole, ukingoni kabisa kwenye majani na joto, saa mbili bila kuchoka, na hapo ndipo pabaya kuliko kina cha kiuno. Hoteli kadhaa za ukanda ule zina bwawa la kuogelea. Yeye ni wa bwawani. Mchanga achezee ule mkavu wa juu, mpeni ndoo na maji ya bomba.

Hata hivyo, dada, mtu akiniamsha usiku aniulize ziwa linaua vipi, sitataja kichocho wala mamba. Nitasema watu wanazama. Maji matamu hayakubebi kama ya chumvi. Kijana aliyejifunza kuelea baharini anashangaa mwili umekuwa mzito. Na bichi nyingi za huku hazina mwokoaji. Mpiga picha utamkuta, mwokoaji hakuna.

Na asubuhi yenyewe ina mtego wake. Usiku nchi kavu inapoa kuliko ziwa, kwa hiyo alfajiri na asubuhi upepo unatoka ardhini kwenda majini. Ni upepo mwororo, maji yanalala kama kioo, na mzazi anaona salama tupu. Miaka ya nyuma nilikuwa nimekaa na wageni kwenye bichi moja, saa 2 asubuhi, mtoto wa kiume wa kama miaka 12 amelala juu ya tairi la gari amefumba macho, anafurahia. Mama yake yuko hatua 20 anapaka mkate siagi. Hakuna wimbi, hakuna kelele. Alipoinua kichwa kumwita, tairi lilikuwa limefika mbali kiasi kwamba sauti haikufika. Mtoto akashtuka, akashuka ndani ya tairi akaanza kupiga miguu, na kadiri alivyopiga ndivyo lilivyomzunguka. Mvuvi aliyekuwa anarudi na kasia alimchukua. Alimshusha mchangani, hakusema neno, akaondoka na mtumbwi wake. Tangu siku hiyo, kwangu tairi na maboya ya kupuliza hayaingii majini bila kamba iliyofungwa mkononi mwa mtu mzima aliyesimama ardhini. Mchana mambo yanageuka: ardhi ikipata joto, upepo unatoka ziwani, kuanzia saa 6 hivi mawimbi yanaingia, na Juni mpaka Agosti pepo za kusini mashariki zinayaongezea nguvu.

Kwa hiyo ratiba ya majini ni hii. Saa 1 na nusu jua limeshatoka vizuri, waingie wale wawili wakubwa na baba yao, maji yasipite kifua cha wa miaka 9, na mtu mzima awe umbali wa kumshika mkono. Saa 3 na nusu wawe wametoka, wamejifuta, wanakula chapati. Masaa mawili yanatosha. Kabla ya mapambazuko, na jioni giza likiingia, hakuna kuingia, maana hizo ni saa za kiboko kupita na mamba kuwinda.

Mamba ambao shemeji anawaogopa wapo hasa penye utulivu, matete, midomo ya mito, na visiwani. Wanaoshambuliwa zaidi ni watu wa vijijini wanaochota maji, kufua na kuvua wakiwa wamesimama majini, kule pande za Sengerema, Buchosa na visiwani. Ni watu wasiokuwa na bomba, hawaendi ziwani kwa hiari. Mbele ya hoteli zenye pilikapilika mamba ni nadra, lakini neno la mwenyeji ni la mwisho: akisema ameonekana wiki hii, mnakaa kibarazani mnakunywa soda. Kisiwa cha Rubondo ndiyo mfano mzuri. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kina sokwe waliopelekwa huko miaka ya 1960, kina fukwe ambazo mtu akizitazama anataka kulia kwa uzuri, na kuogelea hakuna, kwa sababu mamba ni wengi. Kwa siku sita na mtoto mdogo, kiacheni safari nyingine. Siku hizo mtapita daraja la Kigongo-Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na lenye urefu wa kama kilomita 3, mwende Geita hadi mnakopanda boti. Tulizoea kupanga foleni ya kivuko pale Kigongo saa nzima na zaidi, tukila mahindi ya kuchoma. Kama mna gari na nusu siku ya ziada, lipiteni mara moja mwone ghuba kutoka juu, kisha mrudi.

Sasa mama. Mwambie shikamoo yangu, na mwambie hatalazimishwa na mtu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, imekaribia kabisa kufika Mwanza ikitoka Bukoba, na ilichukua mamia ya watu. Sisi wa umri wangu kila mmoja ana jina lake. Mwaka 2018 mwezi wa tisa kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaza kupita uwezo wake, wakafa watu zaidi ya 200. Mtu mzima anayekataa kupanda baada ya hayo ana akili zake timamu. Kama ana ndugu aliyeondoka na MV Bukoba, au angependa tu kuomba dua, makaburi na mnara wa kumbukumbu uko Igoma, njia ya kwenda Musoma, dakika chache kutoka barabara kuu. Nimewapeleka wazee kadhaa. Wengine wanakaa kimya nusu saa, wengine wanasoma majina yote. Msimharakishe.

Kutoka hapo, njia hiyohiyo ya Musoma, iko Kisesa, na Bujora yenye Makumbusho ya Wasukuma: nyumba ya kifalme, ngoma za watemi, mambo ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma waliokuwa wakishindana kwa ngoma na nyoka. Bibi atafurahi kuliko watoto. Jioni mrudisheni bichini Ilemela mumwekee kiti. Mwezi wa sita jua linazama kwenye saa 1 kasoro, moja kwa moja ndani ya maji, na mawe yaliyo ukingoni yanageuka rangi ya chungu kilichotoka motoni. Ziwa atakuwa ameliona vizuri, na miguu yake iko nchi kavu.

Wakati yeye amekaa na mdogo, ninyi na wawili wakubwa pandeni boti ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pale Capri Point mwende kisiwa cha Saanane. Ni dakika kama 10 tu majini. Ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18, imepewa hadhi hiyo 2013. Kuna pimbi juu ya mawe, swala, pundamilia, na kutoka kileleni mnauona mji wote umekaa juu ya mawe. Huko hamuogelei. Boti ndogo yoyote mtakayopanda, jaketi okozi livaliwe na kufungwa kabla injini haijawashwa, hata kama safari ni ya dakika 5. Mwenye boti akisema yako chini ya kiti yatatolewa ikihitajika, shukeni. Nimeshuka mimi mara nyingi na kupoteza nauli, sijajuta hata mara moja.

Ukerewe inanivuta sana kuisifia, maana fukwe za msitu wa Rubya ni nzuri kuliko za mjini, kimya, miti mpaka majini. Kuvuka kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio ni kama masaa matatu. Iko njia nyingine ya barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko kifupi hadi Rugezi, lakini bado ni kivuko, na mama amesema hapana. Kumwacha mjini siku mbili ili ninyi mwende naona si vizuri. Kwa safari hii iacheni.

Mkitaka bichi ya pili ya kubadilisha macho, nendeni Musoma kwa barabara, masaa manne hivi, mlale usiku mmoja. Matvilla iko kwenye rasi yenye mawe yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga, na njiani kuna Butiama, kwa Mwalimu Nyerere, ambako mtoto wa miaka 13 ana mengi ya kusoma. Bukoba pia ina mchanga mzuri katikati ya mji na kisiwa cha Musira mbele yake, lakini ni mbali kwa siku sita na maji yake mara nyingi yana mawimbi mazito.

Mwezi wa sita hakuna mvua ya kuwasumbua, mchana ni joto la kawaida, asubuhi na usiku kuna upepo, kwa hiyo mdogo na bibi wawe na sweta. Mkiona moshi mweusi umesimama katikati ya ziwa kama kuna kitu kinaungua, msiogope, ni wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa mamilioni, hasa mwezi unapoandama. Hawaumi. Zimeni taa ya kibarazani, fungeni madirisha, asubuhi mtawafagia.

Mwisho ni kalenda ya dawa, na nakuomba uiandike kwenye simu kabla hata hujakata tiketi. Tuseme siku yenu ya mwisho majini ni tarehe 20 Juni. Wiki sita zinaishia tarehe 1 Agosti, wiki nane tarehe 15 Agosti. Katikati ya tarehe hizo, wote mlioingia ziwani, shemeji akiwemo, mnakwenda hospitali Dodoma kupima na kupata dozi. Shule zitakuwa zimefunguliwa, kwa hiyo chagueni Jumamosi.